Pole Si Sori

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumanne, mwanangu, niliingia darasani na ndoo ya maji na tambara la kudekia, nikatoka mhalifu. Nilikuwa kidato cha pili. Mikono ilinuka sabuni ya mche, roho yangu nyeupe, na kosa langu lote lilikuwa adabu. Nakwambia mapema usije ukadhani nakusimulia habari za mtoto mtukutu. Utukutu wangu ulianza baadaye, na huo siujutii hata kidogo.

Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, ya wasichana, chini ya milima yetu hii ya Uluguru. Jina lake naliacha. Wengi wa waliohusika wameshatangulia mbele ya haki, na mimi si mtu wa kuwasuta marehemu. Nilitoka juu, Nyandira ya Mgeta, ambako ukungu hukaa kwenye matuta ya kabichi mpaka saa nne asubuhi na watu huvaa makoti mwaka mzima. Nilishuka mjini kwa lori la mboga, nimekaa juu ya magunia ya njegere, sanduku langu la bati nimelikumbatia kwa mikono miwili. Kiingereza nilichokuwa nacho kichwani ungeweza kukifunga kwenye pindo la khanga na nafasi ikabaki.

Sasa pale shuleni palikuwa na sheria moja iliyotutesa kuliko njaa. Ndani ya uzio, Kiingereza tu. Ukiteleza ukasema Kiswahili, unavishwa shingoni kibao cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyeupe kwamba mvaaji amesema Kiswahili. Unakula nacho, unafua nacho, mpaka umsikie mwenzako naye akiteleza, ndipo unakivua unamvisha yeye. Tukawa watoto wa kuviziana. Hata msichana aliyeota ndoto akasema neno la nyumbani, aliamka akakuta rafiki yake amemsimamia na kibao. Wale wa mjini waliozoea kubabaisha walibabaisha. Sisi wa milimani tulinyamaza. Nilikaa mwaka mzima na nusu bila kusema neno ambalo sikulazimishwa kulisema, na walimu wakaandika kwenye ripoti yangu kwamba nina tabia nzuri.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, tukimwita Madam Elen. Alikuwa mrefu, mwenye madoadoa ya jua usoni, na hakuwa na ubaya. Alikuja na redio kaseti yake mwenyewe, akitusikilizisha watu wa kwao wakizungumza habari za treni na miavuli. Aliipenda redio ile, nasi tuliipenda, maana kipindi cha kaseti hakuna aliyeulizwa swali.

Jumanne hiyo zamu ya usafi ilikuwa yangu. Nikafungua mlango wa darasa, nikamkuta Madam Elen amechuchumaa sakafuni. Redio imepasuka vipande, kifuniko huku, betri kule, na utepe wa kaseti umetapakaa chini ya madawati. Alikuwa anaokota kimya kimya, macho mekundu.

Hebu niambie wewe. Kwetu mtu ukimkuta amefikwa na jambo, unampitaje bila kumpa pole? Akijikwaa njiani na jiwe si lako, unasema pole. Akiwa amebeba kuni, pole. Akitoka shamba, pole na kazi. Anayepita kimya mbele ya hasara ya mwenziwe, watu humtazama mara mbili na kujiuliza kama si yeye aliyeileta. Neno likanifika kwenye ncha ya ulimi, nikakikumbuka kibao. Nikatafuta la Kiingereza. Nililokuwa nalo ni moja tu. Nikasema, "Sori, madam." Na kwa kuwa hasara ilikuwa kubwa, na mimi nimelelewa vizuri, nikaongeza, "Veri, veri sori."

Akainua kichwa. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kuamini, kwamba je, sikuigusa redio ile. Hapo sasa, mwanangu, ndipo lugha mbili zilipokutana kichwani mwangu zikagongana. Kwetu ukiulizwa, "Hukuigusa?" nawe hukuigusa, unajibu, "Ndiyo." Yaani ndiyo, ni kama unavyosema, sikuigusa. Kwa Kiingereza ukijibu ndiyo hapo umekiri kwamba uliigusa, na hakuna anayejibu hivyo labda awe amechoka kuishi. Mimi sikujua. Nilimtazama usoni kwa ukweli wangu wote nikajibu, "Yesi, madam."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mara mbili kwa pumzi moja.

Kabla kengele ya mstarini haijalia nilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Huyu alikuwa Mtanzania mwenzetu, mama mkali, nadhifu, aliyeamini kwamba msichana hufunzwa kama nguo inavyopigwa pasi. Alinisomea mashtaka kwa Kiingereza. Nilielewa nusu, na nusu hiyo ilitosha kunitoa machozi. Machozi nayo yakahesabiwa kuwa ushahidi. Nikajaribu kujieleza, nikaanza, "Mkuu, mimi sikuwa..." Akanyanyua kidole. Kiingereza. Nikafunga mdomo. Huo ukimya nimeubeba mpaka leo, na ukiniuliza kilichoniuma zaidi sitakwambia adhabu. Nitakwambia kwamba ukweli wote nilikuwa nao mdomoni, na mdomo wenyewe umepigwa marufuku.

Nikapewa barua. Nikae nyumbani wiki mbili, nirudi na mlezi, nisimame mstarini mbele ya shule nzima niombe radhi kwa Kiingereza. Nisipoomba, nafasi yangu apewe mwingine. Nilikuwa msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika sekondari, kwa hiyo unaweza kukisia nilivyopanda lori lile kurudi Mgeta. Magunia yalikuwa matupu, yananuka njegere.

Lazima nikukumbushe jambo, maana ninyi wa siku hizi mnakulia mjini mnasahau. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake. Baba yangu alinipenda na alinitengenezea sanduku lile la bati kwa mikono yake, lakini jambo zito kama hili lilipelekwa kwa Mjomba Kosmasi, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa mfupi, mgomvi, amesoma mpaka darasa la nne, na alikuwa na uso wa mtu anayesubiri umdanganye ili apate la kusema.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Pale nyumbani pote hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa mimi. Fikiria hilo, mwanangu. Mshtakiwa ndiye mkalimani wa mashtaka yake. Ningeweza kuwaambia imeandikwa nimefunga shule mapema kwa kufanya vizuri. Wazo hilo lilinijia, sikatai. Lakini Mjomba alikuwa amekaa mbele yangu akimenya njegere kwenye ungo, akinitazama, nikasoma kama ilivyo. Nikafika kwenye neno moja nikakwama. Liliandikwa kwamba mimi nime-"konfesi". Mjomba akanituma nilipeleke kwa katekista, aliyewahi kuwa mpishi wa mapadri. Katekista alilisoma, akanitazama kwa huruma, akasema hilo neno analijua, ni la kitubio. Ni kuungama.

Niliporudi na jibu, mama akaanza kulia. Akanishika mkono akaniambia nikubali yaishe, mwenye nguvu mpishe, nikaombe hiyo radhi hata kama si kosa langu, funika kombe mwanaharamu apite. Mama yangu hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyeona mlango unafungwa na binti yake yuko nje, na mtu wa namna hiyo hachagui maneno.

Mjomba akaniambia nimweleze upya, neno kwa neno, nililosema mimi na alilosema madam. Nikaeleza. Akauliza hiyo sori maana yake nini. Nikasema pole. Akauliza, na wao wameisikiaje? Nikasema, nadhani wameisikia nisamehe. Akatupa ganda la njegere chini, kisha akanigombeza ambavyo sijagombezwa tena maishani.

"Skola," alisema, "umekosa. Redio hukuvunja, lakini umekosa. Umelibeba neno la watu ukaliweka kichwani bila kuuliza lina nini ndani. Hata padri hakuungamishi kwa lugha usiyoijua, wewe umejiungamisha mwenyewe." Mama akadhani ameungwa mkono, akaanza kusema basi nikaombe radhi. Mjomba akamkata. "Haendi kuomba radhi ya redio. Wamemtoa kwa Kiingereza, atarudi kwa Kiingereza. Atakwenda kuwaambia kwamba hakuvunja."

Nikamwambia sikijui. Sikusema kwa unyenyekevu, nilisema kwa hasira, maana nilimwona kama mtu anayenituma nikachote maji kwa ungo uleule aliokuwa nao mapajani. Akasema nina siku kumi na tatu, akarudi kwenye njegere zake.

Katekista aliniazima kamusi. Ilikuwa kuukuu, jalada limeng'oka, na kurasa zote za mwanzo hazikuwepo. Ilianzia herufi D. Yaani mimi nilijiandaa kujitetea kwa Kiingereza kisichokuwa na A, B wala C, isipokuwa machache niliyokuwa nayo tayari kichwani. Usicheke. Watu wamejenga nyumba kwa miti pungufu.

Nililitafuta kwanza neno lililoniponza. Nikafungua S. Nikasoma, nikasoma tena. Kumbe sori lina vyumba viwili. Chumba cha kwanza: kusikitika, kuona huzuni. Chumba cha pili: kuomba radhi, kukiri kosa. Mimi nilibisha hodi chumba cha kwanza, wao wakanifungulia cha pili. Nikaenda P kutafuta pole ili nijue wao wanaiita nini, nikaiona imeandikwa hivyohivyo, herufi kwa herufi, nikaruka kwa furaha. Kusoma maana yake: nguzo, mlingoti. Nilikaa juu ya tuta nikacheka mpaka machozi yakatoka, cheko la kwanza tangu Jumanne ile. Hawana. Watu wenye maneno mengi kiasi kile, hilo moja hawana. Na tangu siku hiyo hofu yangu kwa lugha ile ilipungua, kwa sababu uliyemwona anapungukiwa na kitu humwogopi tena kama zamani.

Asubuhi nilimsaidia Mjomba kupalilia, na mchana nikasimama juu ya kingo za matuta nikisema maneno yangu kwa sauti kuelekea bondeni. Yeye alikaa na jembe lake, akisikiliza. Hakujua hata neno moja la niliyosema. Lakini mara kwa mara alinyanyua mkono ghafla akasema, "Hapo umeogopa. Rudia." Nami nikitazama karatasi yangu, nakuta kweli, hapo ndipo pale nisipokuwa na uhakika wa kitenzi. Nikimwambia sentensi yenyewe ina makosa, ananiambia kosa si dhambi, kunong'ona ndiyo dhambi. Nimefundishwa na walimu wengi Kiingereza, mwanangu, wengine wenye shahada tatu. Aliyenifundisha kukisema ni mtu asiyekijua.

Siku ikafika. Mjomba akavaa koti lake la misa, tukashuka na kabichi. Mstarini walikuwa wasichana wote, sare zimenyooka, walimu upande mmoja, na Madam Elen amekunja mikono. Mjomba alisimama kando ya ukuta, ameshika kofia. Mkuu akatangaza kwa Kiingereza kwamba nimekuja kuomba radhi, kisha akanipisha.

Nikapanda kidato cha saruji. Sentensi ya kwanza nikakosea kitenzi, mstari wa mbele wakacheka. Nikanyamaza mpaka walipomaliza. Kisha nikairudia sentensi ileile, na kosa lake lilelile, kwa sauti kubwa zaidi. Safari hii hakucheka mtu.

Nikawaambia kwamba sikuivunja redio na sikuja kuomba radhi ya redio. Nilisema sina maneno mengi, lakini niliyonayo ni ya kweli. Nikaeleza neno sori lina vyumba viwili na mimi niliingia kipi. Mkuu akapiga hatua mbele aninyamazishe. Nikamgeukia Madam Elen kabla hajanifikia, nikamwomba ruhusa ya kumuuliza swali moja. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza: Madam, hukuniona nikiigusa redio? Akajibu, "No." Nikamwambia, asante. Mimi ningeulizwa hivyo nyumbani kwetu, ningejibu ndiyo, na tungekuwa tumesema kitu kimoja, wewe na mimi.

Uso wake ulibadilika pale pale. Nilimwona akiirudia Jumanne ile kichwani, neno kwa neno. Nami nikamalizia kwa sentensi niliyoisema mara mia kwenye matuta, na nakutafsiria wewe ilivyokuwa: "Madam, nilikupa pole yangu, nawe ukaipokea kama hatia." Neno la Kiingereza mahali pale sikuwa nalo, kwa hiyo nikalitia la kwetu, pole, zima zima, mbele ya mkuu na shule nzima.

Madam Elen akapanda kile kidato akasimama nami. Akasema wote wasikie kwamba swali lake alilitega vibaya bila kujua, kwamba mimi sikuungama kitu, na kwamba anaondoa mashtaka. Aliyeivunja redio ile sijamjua mpaka leo. Mkuu alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, nataka kusema hivyo, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Akatangaza nimerudishwa. Halafu akatangaza kwamba katika maelezo yangu nimetumia neno la Kiswahili ndani ya uzio wa shule. Akaagiza kibao kiletwe.

Nikavishwa pale pale. Mjomba, ambaye hakuelewa chochote kati ya yote yaliyosemwa, alinisogelea mstari ulipovunjwa, akauliza nimeshinda ama nimeshindwa. Nikamwambia nimerudishwa, ila nimevalishwa hiki kwa kusema pole. Akakisoma kile kibao kwa kidole, kama anayeelewa. Akasema, "Basi kivae vizuri, kimekaa upande," akakinyoosha kifuani mwangu, akavaa kofia yake akaenda kuliwahi lori.

Nilikaa na kibao siku tatu. Wenzangu waliteleza mbele yangu, nikajifanya sikusikia. Sikutaka kumvisha mtu mwingine kitu kile. Siku ya tatu, tukiwa tunabeba maji, niliteleza kwenye tope mbele ya ofisi ya walimu, ndoo ikanimwagikia. Madam Elen alikuwa mlangoni. Akasema kwa sauti, kwa lafudhi mbaya kama yangu ya Kiingereza, "Pole, Skola. Pole sana." Tukatazamana. Sheria ilikuwa ni sheria. Nikanyanyuka na tope langu, nikakivua, nikampa. Akakivaa. Alikwenda nacho mpaka jikoni, akapanga foleni ya ugali na maharage mbele ya mkuu, na mkuu akaiinamia sahani yake mwenyewe mpaka akamaliza kula.

Sitakudanganya kwamba kibao kilikoma. Kilirudi wiki iliyofuata, na nilipomaliza kidato cha nne bado kilikuwa kinazunguka shingo za watoto wa watu. Lakini mimi hakikunipata tena, kwa sababu tangu hapo nilikishika Kiingereza kama mtu anayeshika panga la jirani, kwa tahadhari, akijua upande gani unakata. Nilianzisha daftari. Kila neno lenye vyumba viwili niliandika vyumba vyake vyote na nani anakaa ndani. Darasani nikawa wa kuuliza mpaka wenzangu wakaguna. Nilikosea sana, nilichekwa sana, na nikichekwa nilirudia. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa tatu katika Kiingereza, na nilikasirika kwamba sikuwa wa kwanza.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Mkalimani wa mahakama. Watu wanasema kazi ile ni ya kuhamisha maneno tu. Niulize mimi. Nakumbuka mzee mmoja wa Kisaki, alishtakiwa kumchomea jirani ghala. Katika karatasi iliandikwa kwa Kiingereza kwamba mzee alikwenda mwenyewe nyumbani kwa jirani asubuhi yake akaomba radhi. Nikamuuliza kwa Kiswahili alisema nini hasa. Akasema, "Niliwaambia poleni, mama. Sasa ningewaambiaje?" Nikamgeukia hakimu nikaomba maandishi yasahihishwe, na mwendesha mashtaka alipong'ang'ania nikasimama mpaka yakasahihishwa. Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani Mazimbu kwa miguu, nikijisikia mrefu kuliko kawaida.

Sasa nimefika kwako. Mdogo wangu, mama yako, amenisikilizisha ujumbe wa sauti uliomtumia juzi kutoka chuoni. Nimeusikiliza mara tatu. Unasema ulisimama mbele ya darasa kueleza utafiti wako wa maji ya vijito vya milima yetu, kazi ya miezi sita, ukaanza kwa kuwaomba radhi kwa Kiingereza chako kibovu. Wakacheka. Ukakaa chini. Unasema Jumatatu mwenzako ndiye atakayesimama asome kazi yako, na jina lake litangulie, yaishe. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu, kwa hiyo nina haki ya kukwambia nililoambiwa: umekosa. Kiingereza hukukosea. Umekosa kwa kuomba radhi.

Nisikilize, mwanangu. Lugha ile si mama yako wala si adui yako. Ni chombo, na chombo hakiombwi samahani. Ijifunze mpaka uichoke, isome asubuhi na jioni, uliza, andika, kosea mbele za watu. Kuuliza si ujinga, na kukosea kwa sauti ni bora kuliko kupatia kwa kunong'ona. Lakini usijifunze kwanza Kiingereza cha kukubali. Cha kukubali kila mtu atakufundisha, na atakupa alama nzuri za tabia. Jifunze kwanza cha kukataa. Jifunze kusema hapana, sivyo ilivyokuwa, na hii kazi ni yangu. Ukishakuwa na hayo, mengine yatakuja yenyewe.

Wakikucheka, ngoja wamalize, wana haki ya meno yao. Kisha rudia sentensi ileile. Wale wanaokucheka, nao Kiingereza wamekivaa cha kuazima kama wewe, ila wamekipiga pasi. Na usimpe mtu kazi yako aisome kwa niaba yako. Vile vijito wewe ndiye uliyevipanda kwa miguu na chupa zako. Hakuna mwingine darasani mle anayejua maji yake yana baridi kiasi gani.

Jumamosi nakusubiri hapa, utasimama sebuleni uniambie utafiti wote, nami nitakwambia ni wapi umeogopa. Jumatatu utasimama peke yako. Mungu akutangulie, mwanangu, awape wasikilizaji wako masikio na wewe akupe magoti yasiyolegea. Wazee wa lukolo letu waliolala Nyandira wakuombee. Ujue mengi na uzidi kujua, usome mpaka watoto wako wakuone kuwa mwepesi kwa kile kilichokuwa kizito kwetu, na mdomo wako usimwombe mtu yeyote radhi kwa kuzaliwa mlimani.